Shangazi, wananitaka nisimame bandani bure: niende Köln au niache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Muheza. Nipo Ujerumani mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi kwa ule mfumo wao wa Ausbildung, yaani wiki nyingine darasani, wiki nyingine wodini. Ninakoishi ni mji mdogo, saa moja na ushee kwa treni mpaka Köln.

Gemu nimeanza kucheza nikiwa shule ya msingi, kwenye kibanda cha PS cha jirani, tulikuwa tunalipia kwa mechi. Siku hizi nachezea kwenye kompyuta, na gemu langu ni moja la kulima na kujenga kijiji, la studio ndogo ya kutengeneza magemu ambayo naamini hujawahi kuisikia. Kwenye kundi la mashabiki la Discord, ule mtandao wa soga, mimi ni admini. Nafuta matusi, nasuluhisha ugomvi, napokea wageni, nakusanya malalamiko ya hitilafu na kuyapeleka studio. Mara nyingi nafanya hivyo usiku nikitoka zamu. Jina langu humo ni MzeeKobe, kwa sababu kijiji changu hakikui. Watu wananiita Mzee, wananiletea hadi matatizo ya nyumbani kwao, na karibu wote wanaamini mimi ni baba mtu mzima. Sijawahi kuwasha maiki hata siku moja.

Mwaka huu kundi limepanga kukutana gamescom, yale maonyesho makubwa ya magemu pale Köln mwishoni mwa Agosti. Watu wanatoka Poland, Finland, Ureno, na mmoja anapanda ndege kutoka Kanada. Studio nayo imepata banda. Nilipotaka kununua tiketi, yule anayeshughulika na mashabiki akaniandikia nisinunue: watanipa pasi ya bure na fulana, ila niwasaidie kusimama bandani Ijumaa na Jumamosi, kwa muda wa saa nane kila siku, maana gemu lao nalijua kuliko baadhi yao. Shangazi, nilifurahi, usingizi ukakata. Ila nilipouliza kama kuna posho yoyote, alinijibu kwa alama ya moyo, akasema studio ni changa lakini hii ni nafasi nzuri ya kufahamika.

Sasa kichwa kinaniuma. Kwanza, wakiniona si yule Mzee waliyemzoea itakuwaje? Pili, kaka yangu mkubwa, aliyenilipia kozi ya Kijerumani na nauli ya kuja huku, anaona gemu ni mambo ya watoto. Akisikia nimechukua likizo kwa ajili hiyo patachimbika. Nafikiria nimwambie ni semina ya kazini. Tatu, natamani siku moja nifanye kazi kwenye tasnia hii. Je, nibebe wasifu wangu niwagawie wenye mabanda? Na hiyo fulana, niivae au nisiivae?

Wako, MzeeKobe, Ujerumani

*

Marahaba mwanangu.

Fulana usiivae. Tiketi nunua kwa hela yako, Köln nenda, na hao watu wa Poland na Finland ukale nao. Sasa nieleze kwa nini, maana najua pasi ya bure inang'aa machoni.

Enzi za uanafunzi niliwahi kusimama kwenye mabanda katika kumbi hizo hizo za maonyesho, zile za Koelnmesse, nikilipwa kwa saa. Ngoja nikuonyeshe saa kumi jioni inavyokuwa. Joto la watu limejaa ukumbini, spika za banda la kulia zinashindana na za banda la kushoto, na wewe unajibu swali lile lile tangu asubuhi kwa sauti iliyokwishakauka. Mbele yako kuna foleni. Watu wamekalia vile vistuli vya boksi gumu wanavyogawiwa na makampuni. Foleni ikisogea hatua mbili, wanainuka, wanabeba kistuli, wanakaa tena. Kwa gemu linalosubiriwa sana mtu anaweza kukaa hivyo saa nne au tano ili acheze dakika ishirini. Mwenye fulana ya banda haruhusiwi kuchoka wala kununa, na rafiki yake aliyetoka Kanada akipita kumsalimia, wanapata dakika tatu, kisha mtu anauliza choo kiko wapi.

Hicho ndicho unachoombwa ukitoe bure, siku mbili, moja ikiwa Jumamosi ambayo ndiyo inayofurika kuliko zote. Tangu Januari 2026 kima cha chini cha mshahara Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa. Saa kumi na sita zako zinavuka euro 220, na tiketi ya siku mbili haifiki huko. Tena kujitolea kwa maana ya sheria ni kwa shughuli za hisani na za kijamii. Kampuni inayouza bidhaa, ikikupangia saa za kuingia na kutoka na kazi ya kufanya, hiyo imekuajiri hata kama imekulipa kwa fulana.

Kuna kesi moja ya zamani ningependa uijue. Kampuni ya intaneti ya AOL huko Marekani ilikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea waliosimamia vyumba vya soga na mabaraza yake, kazi ile ile unayoifanya wewe usiku. Walipewa huduma ya intaneti bure au kwa punguzo. Lakini walikuwa wanapangiwa zamu, wanaandika ripoti, wanapewa mafunzo. Mwaka 1999 baadhi yao wakaenda mahakamani wakidai kuwa ile ilikuwa ajira. Shauri likavutwa miaka na miaka, na 2010 likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 15. Sikuambii ukamshitaki mtu. Nakuambia hata wanasheria wa kampuni kubwa waliona kuna bei katika kazi ya admini, kwa hiyo usione haya kuuliza bei.

Na wewe una jambo la ziada ambalo huyo mwenye alama ya moyo huenda halijui: kibali chako cha kuishi. Mwenye kibali cha mafunzo ya kazi anaruhusiwa, tangu Machi 2024, kufanya kazi nyingine ya kuajiriwa isiyozidi saa 20 kwa wiki. Hapo hospitali inatakiwa ijue, na jumla ya saa zako pamoja na za wodini isipite kiwango cha sheria. Kujiajiri, yaani kuwapelekea ankara wewe mwenyewe, ni habari nyingine, inahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni. Halafu sheria ya likizo ya huko inakataza mtu aliye likizoni kufanya kazi ya kipato inayovuruga mapumziko. Mtu aliyeacha Muheza kwenda kusomea uuguzi hatakiwi kukiweka kibali chake rehani kwa sababu ya banda la siku mbili.

Kwa hiyo mjibu kwa upole, kwa maandishi. Mwambie unashukuru, unalipenda gemu lao, utakuja kama mgeni kwa tiketi yako. Wakikuhitaji bandani, wakupe mkataba mfupi wa malipo kwa saa, mapema, nawe uuonyeshe hospitalini kabla ya kusaini. Wakishindwa, utapita kuwasalimia. Halafu uone. Studio yenye utu itasema samahani hatukulifikiria hilo. Nyingi za namna hiyo zina watu wanne watano waliochoka, wala hawakukusudia ubaya. Ikinuna, basi umejua mapema inakuonaje.

Hili la "kufahamika" nalo tuliseme. Wanaokufahamu wameshakufahamu. Ukitaka kitu cha kukusaidia kesho, waombe barua rasmi yenye tarehe, inayoeleza kuwa unasimamia kundi la watu kadhaa, umefanya hivyo tangu lini, unashughulikia nini. Ujerumani mwajiri anasoma barua ya namna hiyo neno kwa neno. Haiwagharimu chochote, na thamani yake kwako inazidi fulana kumi.

Wasifu usiwagawie wenye mabanda. Mtu aliye bandani kaja kuonyesha gemu. Karatasi yako ataipokea kwa tabasamu na itaishia kwenye boksi la stika. Maonyesho yale yana milango miwili. Fikiria Sabasaba: kuna wanaokuja kutia saini mikataba ya korosho, na kuna sisi tunaokuja kuzunguka mabandani na watoto wenye aiskrimu. Köln wamewatenganisha kabisa. Upande wa biashara una kumbi zake na tiketi zake, na mazungumzo ya huko yamepangwa kwa miadi wiki nyingi kabla. Siku chache kabla ya maonyesho kunakuwa pia na mkutano wa watengenezaji wenyewe. Upande wa burudani ndio wetu. Humo kuna sehemu ya vyuo na ajira ambako kuuliza kazi ndiyo shughuli yenyewe, huko nenda uulize mpaka uchoke. Na kuna ukumbi wa 10.2, penye Indie Arena Booth, ambako studio ndogo nyingi zinakaa pamoja. Pale anayekupa padi ujaribu mara nyingi ndiye aliyeandika programu au aliyechora. Mwulize alivyotatua jambo fulani, msikilize, kesho yake mwandikie mistari mitatu ukimkumbusha mlichoongea. Nafasi za kazi nyingi zimeanzia kwenye mistari mitatu ya namna hiyo, ila usimlaze mtu na njaa kwa kumzuia dakika arobaini. Nenda asubuhi, kabla hawajachoka.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya kukusukuma uende. Huko Los Angeles kulikuwa na maonyesho ya E3, yalianza 1995, na kwa miaka mingi yalikuwa ya watu wa biashara na waandishi wa habari tu. Shabiki alikuwa anayatazama kwa mbali. Mwaka 2017 wakafungua mlango, wakauza tiketi 15,000 kwa umma, na Desemba 2023 wakatangaza kuwa E3 imekufa moja kwa moja. Mbona gamescom, iliyomkaribisha mwananchi wa kawaida tangu ianze Köln mwaka 2009, na kabla ya hapo ndugu yake wa Leipzig tangu 2002, bado inafurika? Mwaka 2025 walihesabu wageni 357,000. Mimi naona hivi: makampuni yaligundua yanaweza kurusha video zao yenyewe, dunia nzima ikaziona saa ile ile, bila kulipia banda. Mwandishi wa habari hana tena haja ya kupanda ndege. Hata Opening Night Live, ile shoo ya ufunguzi usiku wa kuamkia maonyesho, utaitazama bure kitandani kwako, na nakushauri uitazame hapo hapo. Kilichobaki ambacho intaneti haikupi ni kukaa meza moja na mtu uliyeongea naye saa nane za usiku kwa miaka. Basi usiende kukimaliza kwenye foleni. Gemu unalolisubiria saa tano litatoka, utalicheza ukiwa umevaa kanga.

Kuhusu MzeeKobe kugeuka binti. Watashtuka, tena kuna mmoja au wawili watakaokuwa wanakutazama pembeni kwa siku nzima. Usikutane nalo kwa mara ya kwanza mlangoni pa ukumbi katika kelele. Chagua mmoja unayemwamini, pengine admini mwenzako, washa maiki uongee naye wiki kadhaa kabla. Habari itasambaa yenyewe, na wakifika Köln mshangao utakuwa umeshapoa. Wanaweza kutokea wa kukuuliza maswali ya mtihani ili uthibitishe kuwa gemu unalijua kweli. Usijibu mtihani wa mtu. Wewe ndiye uliyemfungia akaunti alipotukana, anajua fika ni wewe. Wapo pia watakaoona sasa wana ruhusa ya kukushika bega na kukuita vijina. Hao watolee macho mara ya kwanza, mara ya pili ondoka ukae na wengine, na kama ni ndani ya ukumbi wapo walinzi na watu wa maonyesho wa kuwaeleza. Kutaneni mahali pa wazi, usiku ukiingia uwe na njia yako ya kurudi bila kumtegemea mtu, na ratiba ya treni ya mwisho uwe nayo kwenye simu.

Kama watakuonyesha toleo ambalo halijatoka na kukupa karatasi ya kutunza siri, isome kabla ya kusaini, na ukishasaini usivujishe hata picha moja. Hapo hakuna utani.

Kaka yako. Huyu amekulipia kozi na nauli, ana haki ya kuuliza kama masomo yanakwenda. Hana haki ya kukupangia siku zako za mapumziko, lakini hilo huna haja ya kumwambia kwa maneno hayo. Semina usiitaje kabisa. Picha za kundi zitakuwa mtandaoni kabla hujafika stesheni, na shemeji yako ataziona wa kwanza. Mpigie Jumapili mchana akishakula. Anza na matokeo ya mtihani, ya wodini, ya hela uliyotuma nyumbani. Kisha mwambie mwezi wa nane unakwenda Köln kwenye maonyesho, umelipa mwenyewe, utarudi kazini tarehe fulani. Akisema ni mambo ya watoto, mwambie kuna watu zaidi ya laki tatu wanaingia pale, na wenye mabanda hawakuja kucheza kama watoto, wamekuja kufanya biashara. Akiendelea kugomba, mwache agombe. Kaka anayegomba baada ya kuambiwa ukweli hupoa. Anayegundua alidanganywa huchukua miaka.

Gharama zako kwa bahati ni ndogo. Hoteli za Köln wiki ile zinapanda bei vibaya mno, wewe unalala kwako. Kama una Deutschlandticket, ile tiketi ya usafiri ya nchi nzima ya euro 63 kwa mwezi, treni za mkoa zinakushusha Köln Messe/Deutz, hatua chache kutoka kumbini. Kumbuka tu haipandi ICE, zile treni za mwendo kasi. Tiketi ya maonyesho inanunuliwa mtandaoni na ina jina lako, ya Jumamosi kwa kawaida ndiyo inayoisha kwanza. Bora uchukue Alhamisi au Ijumaa mzunguke kwa nafasi, Jumamosi mkutane nje, kando ya Rhine, bila kelele za mtu. Beba kadi yako ya kibali au pasipoti, maana magemu ya watu wazima yamezungushiwa kuta na hupati utepe wa mkononi wa miaka 18 bila kitambulisho, hata uwe na sura ya mzee kweli. Viatu vya wodini ndivyo vya kuvaa. Maji kwenye chupa ya plastiki, na mkate wako, vya ndani ni ghali.

Zawadi wapelekee kashata. Ubuyu acha nyumbani, maana vidole vyekundu kwenye padi za watu utafukuzwa.

Ombi la likizo lipeleke wiki hii hii, kabla hata ya tiketi. Agosti wenye watoto wa shule wanaziwahi siku zote nzuri kwenye ratiba ya wodi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye anayepewa makombo.

Shangazi